Hatumo

Wikio lilianguka Jumanne, baina ya adhana na ikama.
Halikupiga kelele:
kikohozi kimoja cha chokaa,
kisha vumbi, kisha punda.

Punda ni wa Famau, jirani. Jina lake Dola.
Alilala chini ya wikio letu kama alivyolala miaka saba,
amewaachia watu nusu ya njia.
Jiwe likamkuta mguu wa nyuma.

Mtaa mzima wa Mkomani ulitoka.
Mimi nilitoka na hati ya bima mkononi
kabla sijatia viatu.
Miaka sita nimelipa, kila Januari,
kwa faida ya duka la nyuzi za kofia,
nikijiambia: nyumba ya mama imelindwa.
Imelindwa! Nikilitamka kama mtu aitikiaye amina
kwa dua asiyoisikia.

Mkadiriaji alivuka kwa boti ya saa nne kutoka Mokowe,
Kadzo, binti wa Malindi, mpole, viatu vimelowa.
Ukuta hakuupima.
Alitoa bisibisi mkobani, akachoma boriti iliyosalia,
ikazama hadi mpini
kama kidole kwenye halua.
Akanifunulia kiganja: unga.
"Hii," alisema, "si ya Jumanne."

Tukakaa barazani, tukaisoma pamoja,
mimi kwa mara ya kwanza.

Moto, tumo.
Radi, tumo.
Bomba likipasuka usiku, magodoro yakaelea, tumo.
Mwizi akivunja kufuli, tumo;
ukimwachia mlango wazi,
hapo ni wewe na mwizi wako.
Paa la makuti, kama hukulitaja, hatumo.
Unyevu upandao kwa ukuta, chumvi ilayo chokaa,
mchwa, fangasi, uchakavu,
na kila kijacho polepole,
hatumo.

Kumbe bima inamjua adui mmoja, yule ajaye kwa kishindo.
Anayenyata, akala kijiko kwa kijiko,
huyo ni wako, umemfuga.
Usipoziba ufa utajenga ukuta:
nilidhani ni maneno ya bibi.
Ni kipengele cha tisa,
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

"Na pesa zangu za miaka sita?"
Kadzo alikunja miwani.
"Ulilipia moto, dada. Moto haukuja."
Nilitafuta jibu. Hadi leo nalitafuta.

Mama, kila masika yakiisha,
alipanda ngazi na ndoo ya chokaa,
akagonga boriti moja moja kwa kifundo cha kidole,
shavu karibu na mti.
"Mato hudanganywa na chokaa, mwanangu.
Sikiza yuu."
Nyumba nilirithi.
Lile sikio sikulirithi;
nilinunua karatasi.

Wiki ya tano bahasha ilifika.
Nikaipasua kwa meno.
*Madhara kwa mali ya mtu mwingine*, ukurasa wa kumi na mbili,
ambao hakuna aliyeuona, hata mimi niliyejifanya nimesoma:
tumo!
Dola akalipwa.
Daktari wa mifugo, banzi, dawa,
na siku arobaini za kutobeba saruji.
Famau alikuja kushukuru,
hajui anipe pole au acheke,
akaanza na pole, ikamshinda.

Mwaka huu nimelipa tena.
Makuti ya ghorofani nimeyataja, futi kwa futi,
na mlango wa uani nimeutia komeo la pili.
Ya moto nimewaachia wenye moto.

Hayo mengine yamebaki kwangu.
Jioni, duka likifungwa, napanda ngazi.
Boriti ya kwanza inajibu. Ya pili inajibu.
Huko chini Dola, bendeji imechafuka,
amelala pale pale, sasa juani.
Ya sita inajibu.
Ya saba imenyamaza.

Naweka shavu.
Nagonga tena.